Firigisi Nyeusi za Wariara

Wariara akikasirika hapigi kelele kwanza. Kwanza anafunga kitambaa upya. Ukimwona ameweka jembe chini, amekung'uta kitambaa cha kichwa na kukifunga tena akikaza fundo kama anafunga gunia la waru, viazi vyetu vya huku, wewe tafuta njia. Marehemu mume wake, mzee mpole, alikuwa akiona kitambaa kimefunguliwa anakimbia kunywesha ng'ombe, hata kama ng'ombe ametoka kunywa saa hiyo. Mimi ni jirani yake wa upande wa chini. Nimefungiwa hicho kitambaa kuliko mtu yeyote aliye hai, na bado naenda kwake, kwa sababu huku kwetu juu ya Molo baridi ni nyingi na chai yake ina maziwa ya kweli.

Na msifikirie hasira yake ilitoka hewani. Alizaliwa kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la pareto, baba akichuna maua ya mtu mwingine mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Akaolewa, wakanunua kipande. Mzee alipokufa, mashemeji walikuja na maneno matamu, ati mwanamke peke yake ataweza aje shamba. Waliondoka mbio, mmoja na kiatu kimoja. Lakini shamba lilibaki na jina la mzee, na ng'ombe ni wa mzee. Kitu Wariara alikuwa anaita changu, bila mtu kukohoa, ni kuku. Kuku walimsomesha Abby, binti yake, mpaka akapata kazi ya kufunga maua huko Kamere, kando ya ziwa la Naivasha. Ukimwambia Wariara kuku ni mradi mdogo wa akina mama, anakuuliza wewe mradi wako mkubwa ni upi.

Sasa hao kuku wakaanza kufa.

Haikuwa kufa kwa kawaida, ile ya kuku kulala chini na asubuhi unampata amekauka. Hawa walikuwa wanasimama pembeni, manyoya yamevimba, shingo imeingia ndani kama mzee anayesubiri mvua iishe. Halafu kinyesi cheusi kama lami. Halafu ukimwinua mmoja miguu juu, mdomoni kunatoka maji meusi. Wariara aliwapa aloe, akawapa pilipili, akawapa vidonge alivyopewa na mtu wa agroveti, duka la dawa za mifugo, bila kuulizwa swali hata moja. Waliendelea kufa, na waliokufa ni wale wakubwa, wale wa kutaga.

Hapo ndipo alikumbuka Kiptanui.

Kiptanui ni jirani wa upande wa juu. Ni mtu wa kunyamaza, mrefu, na ndiye alikuwa anabebea karibu kila mtu maziwa. Asubuhi tunapeleka mitungi pale kwa kona, anapakia kwa pikipiki, anashuka nayo deri, kwa kiwanda cha maziwa. Hiyo ndiyo kazi yake. Shamba lake ni kidogo, analima waru tu. Na kuku wa Wariara walikuwa wamemfukulia mbegu ya waru msimu huo, akasimama kwa ua mbele ya watu akasema, "Hawa kuku nitawafunza adabu." Kila mtu amewahi kusema hivyo. Mimi nimesema maneno mabaya zaidi kuhusu hao kuku. Tofauti ni kwamba wiki hiyo hiyo Kiptanui alionekana na pampu mgongoni akipiga waru dawa.

Asubuhi Wariara akaja kwa kona na kuku aliyekufa, amemshika miguu. Watu wote wako, mitungi imepangwa. Akamtupa miguuni mwa Kiptanui.

"Baba Chelimo, chukua. Upike supu unywe. Si ni wewe umeweka dawa."

Kiptanui aliangalia kuku, akamwangalia Wariara. "Mama Abby, sijaua kuku wako."

"Ulisema utawafunza adabu. Huyu amejifunza. Ako na adabu mpaka hapumui."

"Nilisema. Sikufanya."

"Basi mle tukuone."

Kiptanui hakuchukua kuku. Nani angechukua? Lakini watu waliona hajachukua, na hiyo ikatosha. Akapakia mitungi akaenda. Kesho yake mitungi ikawa imepungua. Keshokutwa ikapungua tena. Watu walianza kusema, kwa ile sauti ya kanisani, kwamba mtu anayejua kupima sumu ya kuku anaweza kukosea mfuniko akaitia kwa maziwa. Eti wanajali watoto. Hao ni watu wanaongeza maji kwa maziwa ya deri tangu deri ifunguliwe, na sasa wamekuwa walinzi wa afya ya taifa.

Kilichonikasirisha zaidi ni neno dogo. Mmoja akasema "hawa watu". Si "Kiptanui", ni "hawa watu", yaani kabila lake lote. Sisi wa Molo tukianza kuambiana "hawa watu", kila mwenye zaidi ya miaka thelathini anajua hiyo barabara inaenda wapi, na anajua nyumba gani zilichomwa pande zote mbili. Nilimwambia huyo aliyesema afunge mdomo kabla sijamfungia. Alifunga. Lakini maziwa yake pia alipeleka kwa gari la mtu mwingine.

Wariara naye alienda kwa naibu wa chifu akitaka Kiptanui alipe. Naibu ni kijana, hapendi maneno mengi, akamwambia, "Mama, lete ushahidi. Bila ushahidi nitakuandikia wewe kwa kuchafua jina la mtu."

Kitambaa kilifungwa pale pale ofisini.

Ushahidi aliujua utapatikana wapi. Miezi kadhaa nyuma, siku ya soko, alikuwa amekuja msichana wa chuo kikuu cha upande wa Njoro, anaitwa Naliaka, akiomba wauza kuku wampe matumbo ya kuku waliochinjwa. Anasoma tumbo la kuku wa kienyeji, firigisi, utumbo, na vijidudu vinavyoishi humo. Wamama walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja alimwuliza, "Mtoto mrembo hivi, wazazi wako walikosa kitu kingine cha kukupeleka kusomea?" Naliaka akajibu kwamba baba yake kule Bungoma anasema firigisi ni ya mwenye nyumba, hakuna msichana huruhusiwa kuigusa, kwa hivyo ameenda chuo aguse zote. Wamama wakampenda. Akawaachia namba ya simu, wampigie kuku wakiugua.

Basi Wariara akampata kuku mwingine amekufa alfajiri, na sisi wawili tukapanda canter, lori dogo la waru, mimi nikiwa na mzigo wangu wa Nakuru. Alimbeba kwa beseni lililofunikwa kitambaa cheupe. Nilidhani ni heshima tu. Tukashukia Njoro, mzigo wangu ukaendelea na dereva, tukafika maabara, Naliaka akatoka na koti lake jeupe na gambuti, akafunua kitambaa.

Ndani kulikuwa na kuku safi kabisa. Amenyonyolewa, amebabuliwa manyoya madogo kwa moto, ameoshwa na chumvi na limau, miguu imekatwa. Amepasuliwa, ndani mweupe kama sahani.

Naliaka aliinama akachungulia ndani. "Mama, matumbo iko wapi?"

"Matumbo ya nini?"

"Ya huyu kuku."

"Nilipea mbwa."

"Mama, mimi nasoma matumbo."

"Najua unasoma matumbo. Lakini nitaingia aje ofisini kwa mtu na kuku mchafu? Unafikiria nilikosa mama wa kunilea?"

Nilitoka nje nicheke huko, kwa sababu kucheka pale ndani kungenipeleka hospitali. Kumbe alikuwa ameamka gizani kumtengeneza kuku kama wa kupelekea wakwe. Na mbwa, kama mnataka kujua, hakufa. Nilimwambia hilo tukirudi. Nilisema, "Mama Abby, kama kulikuwa na sumu ndani ya hayo matumbo, si mbwa angekuwa amelala?" Akaniambia, "Karanja, wewe umeanza lini kusoma chuo kikuu?"

Mara ya pili tulirudi maabara na mgonjwa aliye hai, ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Jogoo mkubwa mwekundu, mdomo unadondoka weusi. Naliaka alimmaliza haraka na vizuri, bila kuku kuteseka, akavaa glavu, akamlaza chali kwa meza ya chuma. Nilitaka kubaki nje. Wariara akasema, "Ingia. Nataka shahidi. Ukienda kule utawaambia ulichoona, si nilichosema."

Basi niliona. Kile kifuko cha shingoni, cha kuwekea chakula, alikikata kikatoa uji mweusi, kama maji ya kuoshea sufuria la githeri iliyoungua. Akashuka kwenye tumbo la kwanza, lile dogo linalotoa asidi, likawa limevimba na ukuta wake umelegea. Utumbo ulikuwa umejaa ile lami. Akatuonyesha matumbo mawili yaliyofungwa upande mmoja kama vidole vya glavu, akasema ugonjwa wa kuhara damu huonekana hapo, na hapa hapana. Akatafuta alama za Newcastle, ule ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima, akasema hazioni, lakini atapima. Halafu akachukua firigisi, akaigawa mara mbili kwa kisu.

Mimi nimekula firigisi maisha yangu yote. Najua ile ngozi ya ndani, ya manjano, ngumu, unaivuta inatoka nzima kama soksi. Hii haikutoka. Ilikuwa nyeusi, imepasukapasuka kama gome la mti ulioungua, na chini yake kuna vidonda vimechimba mpaka kwenye nyama.

"Ona," Wariara akaniambia. "Ona vile dawa ya waru imemchoma."

Naliaka akatikisa kichwa. "Mama, sumu ya kupiga waru haichimbi hivi. Ile inamaliza kuku kupitia mishipa ya fahamu, anatetemeka, anaanguka. Hii ni asidi yake mwenyewe imemla. Unawalisha nini?"

"Mahindi."

"Na nini?"

"Pumba. Mboga. Vitu vya kuku."

Naliaka alikuwa anapekua ndani ya firigisi kwa kibanio, kati ya vijiwe na mchanga. Akatoa kitu, akakiosha kwa maji, akakiweka kwa karatasi nyeupe. Kidogo, cheusi, kimechongoka.

"Mama, huu ni mfupa wa samaki."

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu. Wariara hali samaki. Haliwi bomani kwake, haingii jikoni kwake, na alishasema mbele ya kikundi cha wamama wa kanisa kwamba samaki ni nyoka aliyekosa bahati. Sisi wengi wa huku juu tulilelewa hivyo. Mtu anaweza kula samaki akiwa mjini, lakini hasemi.

Alisimama pale mkono kwa kitambaa, lakini hakukifungua. Akasema pole pole, kama mtu anaongea na meza, "Chakula cha dukani kilipanda."

Ikatoka yote. Abby alimwambia huko Kamere wanaotengeneza samaki wanatupa vichwa na miiba, na kuku wanaotaga wanahitaji nguvu ya samaki. Akamtumia gunia limekaushwa juani. Gunia likafika likinuka ziwa lote la Naivasha. Wariara hangeweza kuvumilia hiyo harufu, na hangeweza kuvumilia jirani aisikie. Kwa hivyo akaweka bati juu ya moto nyuma ya choo, akachoma vile vichwa, akachoma, akachoma mpaka harufu ya samaki ikaisha ikabaki ya makaa. Ndipo akatwanga, akachanganya na pumba. Kila mara.

"Ulichoma mpaka ikawa aje?" Naliaka akauliza.

"Mpaka ikawa safi."

Naliaka, mtoto wa watu wanaokula samaki, alifunga macho kidogo. Kisha akaeleza vizuri, bila dharau. Samaki wa aina fulani akichomwa kupita kiasi, ndani ya nyama yake kunatengenezwa kitu ambacho kuku akikila, tumbo la kwanza linamwaga asidi bila breki. Asidi inashuka kwenye firigisi, inakula ile ngozi, na vidonda vikifunguka vijidudu vya utumbo vinaingia kusaidia kuua. Akasema hawezi kuapa bado. Atakata vipande vyembamba avitazame kwa hadubini, atapanda vijidudu aone ni vipi, atapima na ile sumu pia. "Lakini acha kuwapa leo, mama. Hata kama nimekosea, acha."

Tukarudi. Tulipita Elburgon, tukapita mashamba ya ngano. Tuliposhuka nikamwuliza, "Kesho utaenda kwa kona?"

"Kufanya nini?"

"Kumwambia Kiptanui."

"Amesema hawezi kuapa. Wewe unaweza kuapa? Tungoje majibu."

"Mama Abby, mtu anakosa mzigo kila siku. Pikipiki iko na deni ya benki. Watoto wake wameanza kuitwa wa sumu shuleni. Hiyo nayo inangoja hadubini?"

"Karanja, toka kwa shamba langu."

Nilitoka, lakini sikutoka kimya. Nilimwambia yale nilikuwa nayo, na mengine nilikopa. Nilimwambia alivyo mwepesi wa kutupa kuku miguuni mwa mtu alfajiri, bila hadubini yoyote, na alivyo mzito sasa. Aliniangalia kama ananipima urefu wa kaburi. Gunia la samaki alilichimbia shimo siku hiyo hiyo. Na kuku, kuanzia hapo, wakaacha kufa. Mmoja aliyekuwa ameanza kujikunja akafa, halafu basi. Kila asubuhi alikuwa anatoka anawaangalia wakiparura, wazima, na kila mzima alikuwa anamtukana. Niliona hilo kupitia ua. Sikumpa pole.

Naliaka alipiga simu jioni moja nikiwa hapo, maana nilikuwa nimerudi kwa chai, hasira haizuii kiu. Wariara akaweka sauti ya nje. Sumu hakuna. Newcastle hakuna. Vile vipande vinaonyesha asidi, na wale vijidudu waliokuwa kwa vidonda ni wa kawaida wa utumbo walioingia penye mlango umeachwa wazi. Akaomba ruhusa kuandika kuhusu kuku hao kwa utafiti wake, jina la mama litafichwa.

"Usifiche," Wariara akasema, akakata simu. Kisha akanigeukia. "Kunywa umalize uende."

Asubuhi alikuja kwa kona na mtungi wake wa maziwa. Watu wako, wale wa gari la yule mwingine wako, na Kiptanui ako pembeni na pikipiki, mtungi mmoja tu umefungwa, wangu. Wariara hakusalimu.

"Kuku ni mimi niliwaua," akasema. "Niliwalisha samaki wa kuchomwa. Ndiyo, samaki. Yule anataka kucheka acheke sasa nimwone meno. Sumu haikuwako. Baba Chelimo hakuweka kitu. Mimi nilisema kitu sijui, lakini nilikuwa peke yangu. Nyinyi mlikuwa wangapi? Nani aliwaita? Nilipoteza kuku, nyinyi mlipoteza nini ndio mkimbie na mitungi kama mmefukuzwa na nyuki? Na wewe uliyesema hawa watu, nakujua, na mama yako namjua, alijificha kwa nyumba ya hawa watu ukiwa mgongoni mwake."

Hakuna aliyecheka. Mmoja akatoa mtungi wake kwa lile gari lingine, akaupeleka kwa pikipiki bila kuangalia mtu. Mwingine akafuata. Kiptanui akapokea, akafunga kamba, akapokea, akafunga, uso kama ukuta. Mwisho Wariara akanyanyua wake.

Kiptanui akavuta kamba ya mwisho. "Nimejaa," akasema.

Hakuwa amejaa. Kila mtu aliona nafasi.

Wariara akapandisha mtungi mgongoni, akaweka kamba kwa paji la uso, akashuka nao kwa mguu mpaka deri. Kesho yake hivyo hivyo. Mvua ikaanza, barabara ikawa uji, na bado alikuwa anashuka. Nikampa shauri atumie lile gari lingine. Akasema, "Siwezi kumpa pesa mtu aliyekula kwa uongo wangu."

Juzi nilikuwa nyuma ya Wariara njiani, nimebeba mbegu. Pikipiki ikampita, ikasimama mbele kidogo.

"Mama Abby," Kiptanui akasema bila kugeuka. "Weka."

"Hapa?"

"Weka, mvua inanyesha."

"Ulikataa maziwa yangu mbele ya watu. Hapa kuna Karanja peke yake, na Karanja si watu."

"Na wewe ulinitupia mzoga mbele ya watu."

"Nikasema ukweli mbele ya watu."

"Baada ya wiki ngapi?"

Wariara akahamisha mtungi mgongoni. Kiptanui akangoja, injini ikinguruma, maji yakimtiririka kwa kofia. Kisha akasema, "Kesho njoo kwa kona," akaondoka.

"Atakataa tena," Wariara akaniambia. "Anataka nisimame hapo, wote wakiangalia, akatae tena."

"Inawezekana."

"Ningekuwa yeye ningekataa."

Akavuta kamba vizuri kwa paji la uso, akaendelea kushuka. "Nitakuja," akasema. "Akikataa, keshokutwa pia nitakuja. Tuone nani atachoka."